Kabla ya dozi nyingine ya "taifodi sugu", kuna swali halijaulizwa

Mhariri,

Magazeti yetu yakiandika juu ya tumbo, huandika vidonda, amiba na taifodi. Yakiandika juu ya ubakaji, huandika polisi, PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali) na hukumu. Ni nadra kurasa hizo mbili kukutana, ilhali anayezihitaji mara nyingi ni mtu mmoja. Tunaomba nafasi, ndefu kuliko barua za kawaida, tuzikutanishe.

Tunayemsema yumo katika kila foleni ya wagonjwa wa nje. Tumbo limemsumbua miaka. Linasokota chini ya kitovu, linajaa gesi, linanguruma mbele za watu. Wiki hii choo ni cha mbuzi, wiki ijayo ni maji. Mwingine shida yake iko juu, penye chembe ya moyo: akila matonge matatu ameshiba, kichefuchefu kinapanda, panaunguza kama pilipili. Amepimwa Widal, kipimo cha damu cha taifodi, mara nne na mara zote "imeonekana". Amemaliza dozi za antibiotiki, sipro na metronidazo, hadi duka la dawa halimwulizi tena cheti. Amepigwa utrasaundi, amemeza kamera, pengine ametolewa hata kidole tumbo, na maumivu yako palepale. Nyumbani wamesema ni chango, akachemshiwa mizizi. Mwisho daktari anafunga faili: "Vipimo safi. Huna kitu, punguza mawazo."

Ana kitu, na kina jina. Ni magonjwa ya utendaji wa tumbo: viungo ukivitazama ni vizima, ila kazi yake imevurugika, na mazungumzo kati ya utumbo na ubongo hayaendi sawa. Linalojulikana zaidi huitwa kwa herufi tatu, IBS, kifupi cha Kiingereza "irritable bowel syndrome". Vigezo vya Roma, ambavyo madaktari hutumia kutambua magonjwa haya, toleo la nne la mwaka 2016, viko wazi: maumivu ya tumbo angalau siku 1 kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, yaliyoanza si chini ya miezi 6 nyuma, yakiambatana na mawili kati ya mambo haya: yanahusiana na kwenda haja, idadi ya safari za chooni imebadilika, au sura ya choo imebadilika. Ugonjwa huu unatambuliwa kwa kumsikiliza mtu vizuri na kwa vipimo vichache vya kuondoa mengine. Anayesubiri karatasi ya maabara iandike "IBS" atasubiri sana.

Sasa ukatili wa kingono unaingiaje hapa? Mwaka 1990 Douglas Drossman na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwauliza wanawake 206 waliofika kliniki ya tumbo. Asilimia 44 walisema waliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono au wa kimwili, utotoni au ukubwani. Wenye magonjwa ya utendaji walitaja kulazimishwa kufanya ngono zaidi ya wale wenye magonjwa yanayoonekana kwa vipimo, na waliofanyiwa ukatili walikuwa na maumivu mengi zaidi ya nyonga na walikuwa wamepasuliwa mara nyingi zaidi maishani. Karibu theluthi moja yao hawakuwahi kumwambia binadamu yeyote. Waliomwambia daktari wao walikuwa asilimia 17 tu. Madaktari wale walikuwa wanatibu matumbo ya watu wasiowajua.

Tangu hapo tafiti zimekuwa nyingi. Mwaka 2009 watafiti wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, walikusanya tafiti 23 zenye watu zaidi ya 4,600. Aliyewahi kudhulumiwa kingono alionekana kuwa na uwezekano wa takriban mara 2.4 wa kuwa na ugonjwa wa utendaji wa tumbo. Kwa waliobakwa, takriban mara 4. Watafiti hao hawakuona uhusiano wa uhakika na maumivu ya kichwa wala na unene. Kwa hiyo jibu la mkato, kwamba "mtu mwenye huzuni huumwa kila kitu", halitoshi. Tumbo na nyonga vina habari yake.

Na kwetu? Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto, uliohusu vijana wa miaka 13 hadi 24, ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walipitia angalau tukio moja la ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Kenya, mwaka 2010, vijana wa miaka 18 hadi 24 walitoa jibu la asilimia 32 kwa wanawake na 18 kwa wanaume. Watoto wale wa 2009 leo ni akina mama na akina baba walioketi kwenye benchi la kliniki na daftari mkononi.

Hesabu hizi zisisomwe kinyumenyume. Wagonjwa wengi wa IBS hawajawahi kuguswa na mtu. Wengine ugonjwa uliwaanza baada ya kuharisha vibaya kwa chakula kichafu. Na manusura wengi wa ukatili matumbo yao hayana shida. Kwa hiyo asitokee mganga, mchungaji wala mshauri wa kumwambia binti mwenye gesi, "Lazima ulifanyiwa kitu, umesahau tu." Kuchimbua kumbukumbu ambazo mtu hana ni kumwumiza upya, na wakati mwingine ni kumwangamiza mjomba asiye na hatia. Swali huulizwa, jibu halitungwi.

Wahenga walisema aumwaye na nyoka akiona unyasi hushtuka. Walisema juu ya macho, lakini utumbo nao una kumbukumbu za namna hiyo. Ukuta wa utumbo una mtandao wake wa mishipa ya fahamu, chembe zake ni mamilioni kwa mamilioni, na mshipa mkuu unaouunganisha na ubongo una nyuzi ambazo takriban asilimia 80 zinapeleka habari juu, si kuleta amri chini. Mtu akitishika, ubongo humwaga homoni ya tahadhari ambayo hulisimamisha tumbo la juu na kuliharakisha la chini. Ndiyo maana hofu ileile moja huleta kichefuchefu na kuharisha. Kwa mtoto aliyeishi na hofu hiyo usiku baada ya usiku, mfumo wa tahadhari hukua ukiwa umewashwa. Hatari ikiisha, mfumo hauzimi. Gesi ya kawaida, ambayo mwingine hata hajui kama imepita, kwake inafika ubongoni kama kisu.

Hili limeonekana kwa mashine. Mwaka 2008 watafiti wa Chapel Hill tena walijaza hewa mpira mdogo ndani ya puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, huku wakipiga picha za ubongo unavyofanya kazi. Wanawake wenye IBS waliowahi kudhulumiwa walitaja maumivu makubwa zaidi, na sehemu ya ubongo inayopima ubaya wa maumivu ilifanya kazi zaidi ya wenzao. Kwa hiyo anayeambiwa "ni mawazo tu" anasingiziwa. Maumivu ni ya kweli. Kilichopanda ni kipaza sauti.

Kuna sehemu moja ambayo hata wahudumu wengi wanaipita, nayo ni kufunga choo kwa sababu ya misuli ya nyonga. Ili choo kitoke, tumbo husukuma na misuli ya chini hulegea kwa wakati mmoja. Upo msuli mmoja uliozunguka nyuma ya puru kama kombeo. Ukilegea, njia inanyooka. Mwili uliojifunza kujibana ili kujilinda unaweza kufanya kinyume: mtu anasukuma, msuli unabana. Ni kusukuma mlango huku mwenyewe umeushikilia. Mwaka 1995 madaktari wa Rouen, Ufaransa, waliripoti hali hiyo kwa wanawake 39 kati ya 40 waliowahi kudhulumiwa kingono waliokuwa na matatizo ya tumbo la chini. Wao waliiita alama ya unyanyasaji. Hatukubaliani na neno hilo, kwa sababu katika utafiti uleule wanawake wenye afya njema 6 kati ya 20 walikuwa nayo pia. Ni sababu ya kuuliza kwa upole, si ushahidi wa kupeleka popote.

Dalili zake ni hizi: kukaa chooni dakika 20 na zaidi, kusukuma hadi mishipa ya shingo itoke, kuhisi kimebaki, kulazimika kutumia kidole au kujipiga bomba (enema). Dalili kubwa kuliko zote ni kwamba dawa ya kulainisha choo inakifanya kiwe uji na bado hakitoki. Daktari anaweza kuipima kwa kidole chenye glavu, akimwambia mgonjwa asukume kama anayekwenda haja: kidole kikibanwa badala ya kuachiwa, jibu limepatikana. Hospitali kubwa zinaweza kutumia mpira uliojazwa mililita 50 za maji. Mtu mzima wa afya huutoa ndani ya dakika 1 hadi 2.

Dawa yake ni kuufundisha msuli upya. Hospitali zenye mashine ya kumwonyesha mgonjwa misuli yake ikibana na kulegea ni chache, lakini mengi yanawezekana nyumbani. Mtu aende chooni ndani ya nusu saa baada ya kifungua kinywa, kwa kuwa chakula kikiingia tumboni utumbo mpana huamka. Choo cha kuchuchumaa ni bora. Mwenye cha kukalia aweke kigoda cha sentimita 20 hivi chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga, viwiko juu ya mapaja. Asibane pumzi. Avute hewa ashushe tumboni, atoe tumbo mbele liwe kubwa, kisha atoe sauti ya chini, "muuu", kama ng'ombe. Inachekesha, lakini koo likiwa wazi misuli ya chini nayo hulegea kwa urahisi. Dakika 10 zikipita bila kitu, ainuke, ajaribu kesho. Mazoezi ya kubana yanayouzwa mitandaoni kwa wanawake kwake ni sumu. Yeye tayari anabana kupita kiasi.

Turudi kwa hiyo Widal. Taifodi ni ugonjwa wa homa, haikai tumboni miaka minane ikitoa gesi. (Wapo wachache wanaobeba vijidudu vyake kwenye nyongo muda mrefu, lakini kwa kawaida hao hawasikii chochote.) Kipimo kimoja cha Widal katika nchi ambako taifodi ipo kinaweza kusoma hata athari za zamani, na cha kuaminika ni kuotesha damu maabara. Vivyo hivyo kipimo cha damu cha bakteria wa vidonda vya tumbo: kinaweza kubaki chanya miaka baada ya kupona, kwa hiyo dozi mpya itolewe kwa kipimo cha choo au cha pumzi. Na diklofenaki anayopewa mtu kwa maumivu ya tumbo ndiyo inayoweza kumletea kidonda ambacho hakuwa nacho. Tramadoli nayo hufunga choo, kisha maumivu yakazidi, kisha tramadoli ikaongezwa.

Lakini historia ya ukatili isiwe kisingizio cha kutopima. Damu kwenye choo, kupungua uzito bila kutaka, upungufu wa damu, homa, kuamshwa usiku na kuharisha, uvimbe tumboni, dalili zilizoanza baada ya miaka 45, au saratani ya utumbo katika familia: hapo kamera ni lazima, hata kama mtu ametoka kusimulia mambo ya kumtoa machozi. Manusura naye hupata saratani na kifua kikuu cha tumbo. Pasipo dalili hizo, picha kamili ya damu, kipimo cha choo na kipimo cha VVU hutosha wengi.

Sasa swali lenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2013, halikushauri kila mgonjwa aulizwe. Lilisema wahudumu waulize wanapokutana na hali zinazoweza kusababishwa au kuchochewa na ukatili wa mwenzi, na kati ya hizo lilitaja dalili za tumbo za muda mrefu zisizo na maelezo. Liliweka na masharti: faragha, mhudumu aliyefundishwa, na mahali pa kumpeleka mtu. Kituo kisicho na pazia wala mlango kisianze na swali. Kianze na mlango.

Mgonjwa awe ameketi, amevaa nguo zake zote, peke yake. Mume, mama mkwe au dada aliyemsindikiza aombwe asubiri nje kwa kila mgonjwa, iwe desturi ya kliniki, isionekane ni kwa huyu tu. Ndugu asiwe mkalimani. Swali lisiulizwe mkono ukiwa juu ya tumbo wala mtu akiwa amelala kitandani. Si lazima iwe siku ya kwanza. Mara ya pili au ya tatu, watu wakishazoeana, ni bora.

Maneno yana uzito. "Umewahi kubakwa?" ni swali baya, kwa sababu wengi waliofanyiwa hawaliiti hivyo: alikuwa binamu, alikuwa mwalimu wa madrasa au wa tuisheni, alikuwa mume. Mwanaume akisikia neno "kulawitiwa" anafunga mdomo, maana anaogopa kuonekana mtenda badala ya mtendwa. Tunapendekeza maneno ya namna hii: "Mama, wagonjwa wote wenye tumbo la muda mrefu tunawauliza jambo hili, kwa sababu mtu akiwahi kuumizwa, tumbo linaweza kubaki na athari. Je, utotoni au ukubwani, kuna mtu aliyewahi kukugusa au kukulazimisha jambo la mwili ambalo hukulitaka? Si lazima unijibu leo." Kijana wa miaka 28 anayemwuliza mama wa umri wa mzazi wake aanze na shikamoo yake, aombe radhi ya kuuliza, na ikibidi amwachie muuguzi wa kike. Heshima hiyo haipunguzi swali, inalifungulia njia.

Jibu likiwa "hapana", linapokelewa kama lilivyo. Likiwa "ndiyo", kinachofuata ni kifupi: "Asante kwa kuniambia. Nakuamini. Halikuwa kosa lako." Kisha yaulizwe matatu tu: bado linaendelea? Nyumbani uko salama? Ungependa msaada wa kulizungumza? Usiombe mkasa wote. Usitaje msamaha. "Mwachie Mungu" inaweza kuwa kweli kwake jioni akiwa kwenye sala yake, lakini ikitoka kinywani mwa daktari inasikika kama "nyamaza". Na kosa kubwa tunaloliona likifanywa na watu wema kabisa ni kumpeleka idara ya afya ya akili siku hiyohiyo na kufunga faili la tumbo. Mgonjwa anaelewa kwamba amesema siri yake, akafukuzwa. Tarehe ya kurudi kliniki ya tumbo iandikwe kabla hajainuka.

Kupima njia ya haja kubwa na kamera ya kuingia kwa chini ni vipimo vinavyoweza kumrudisha mtu kwenye chumba alichokikimbia. Baadhi ya watu hukataa kipimo kwa sababu hiyo na huandikwa "mkaidi". Aelezwe kabla nini kitaingia, urefu gani, dakika ngapi. Achague jinsia ya mpimaji inapowezekana, na awepo muuguzi. Akubaliane na mpimaji ishara ya kusimamisha, mkono juu, na mkono ukipanda kazi isimame kweli. Afunikwe shuka, aonyeshwe sehemu inayoguswa kabla haijaguswa. Maneno kama "legea tu" au "tulia, si kitu" yaepukwe. Pengine ndiyo aliyoambiwa siku ile. Dawa ya usingizi wapo wanaoiomba, na wapo inayowatisha zaidi kwa kuwa hawatajua kinachoendelea. Aulizwe.

Matibabu ya tumbo hayabadiliki sana kwa sababu ya historia, ila yanachanganywa. Kwa kufunga choo, maganda ya ispagula yanayouzwa pia maduka ya dawa za asili za Kihindi: kijiko cha chai, gramu 3 hadi 4, katika glasi kubwa ya maji mara 1 kwa siku, ikipandishwa polepole baada ya wiki moja au mbili. Bila maji ya kutosha yanaziba. Pumba za ngano huongeza gesi. Kwa kusokota, mebeverini miligramu 135 mara 3, dakika 20 kabla ya kula. Maharage, vitunguu, maziwa na embe bivu vipunguzwe kimoja kimoja kwa wiki chache, si vyote, kisha virudishwe kuona kipi ndicho. Mtu asiye na fedha asinyimwe maharage kwa dhana.

Kwa maumivu yasiyokubali, amitriptilini ya dozi ndogo ni nafuu na ina ushahidi mzuri: utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2023, wagonjwa 463, ulianza na miligramu 10 usiku na kufika 30. Penye vidonge vya 25 pekee, huanzwa na nusu. Mgonjwa aambiwe kwamba hapewi kwa sababu ni "wa akili". Katika dozi hiyo inapunguza sauti ya mishipa ya tumbo, na inachukua wiki kadhaa kuonekana. Hukausha mdomo na kufunga choo, kwa hiyo inawafaa zaidi wanaoharisha. Haiwafai wenye matatizo ya mapigo ya moyo, presha ya macho au mkojo unaoziba. Jambo moja lisisahaulike: ikizidishwa inaua. Kwa mtu aliyetoka kufungua jeraha la namna hii, aulizwe kama huwaza kujiua, na apewe vidonge vya wiki moja au mbili, si vya miezi mitatu.

Kupumua polepole, kuvuta kwa hesabu ya 4 na kutoa kwa hesabu ya 6, dakika 5 hadi 10 baada ya chakula na kabla ya kulala, hakugharimu kitu. Tiba ya mazungumzo kwa mtu aliyefundishwa, vikao vya kila wiki kwa miezi michache, inasaidia tumbo lenyewe, si moyo tu. Anayeanza kusimulia yaliyompata anaweza kuharisha au kuumwa zaidi wiki za mwanzo. Aelezwe mapema, la sivyo ataacha.

Watoto wana sheria yao. Mtoto anayefunga choo au kujinyea baada ya kuwa ameshazoea choo, mara nyingi sababu ni choo kigumu kilichomuumiza akaanza kukizuia, au choo cha shule kisicho na mlango. Asipigwe, na mzazi asikimbilie kumtuhumu mtu. Lakini mabadiliko ya ghafla yakiandamana na hofu ya mtu fulani, maumivu au michubuko sehemu za siri, au maneno ya kingono asiyopaswa kuyajua, hapo asihojiwe na watu watano. Apelekwe kwa mmoja anayejua kazi hiyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa ya haki za mtoto kukiukwa kuitoa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake, kwa hiyo mhudumu asimwahidi mtoto "sitamwambia mtu". Simu ya bure ya watoto ni 116. Kwa tukio jipya, la mtu mzima au mtoto, saa zinahesabika: dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72 na zinywewe siku 28, za kuzuia mimba ndani ya saa 120, na zisisubiri karatasi ya polisi. Vituo vya Mkono kwa Mkono vinaweka daktari, polisi na ustawi wa jamii chini ya paa moja. Kwa jambo la miaka 20 iliyopita, mtu mzima ndiye anayeamua kama litakwenda polisi. PF3 si tiketi ya kutibiwa tumbo.

Limebaki la kalamu. Wagonjwa wetu wengi hubeba historia yao katika daftari la shule la kurasa 40, na daftari hilo husomwa na mume, shemeji na yeyote anayelikuta juu ya kabati. Tumewahi kuona maneno "alibakwa na baba wa kambo" yameandikwa humo kwa wino mwekundu. Aliyoyasema mgonjwa yaandikwe kwenye faili linalobaki hospitalini na kufungiwa, na tena kwa ruhusa yake. Kwenye daftari inatosha: "Historia imechukuliwa. IBS. Arudi wiki 4."

Wahudumu wa kliniki ya magonjwa ya tumbo na ushauri nasaha,
Dar es Salaam